Malkia wa Kasoro

"Inayofuata," Fundi akasema, akatumbukiza mkono ndani ya kopo la biskuti na kutoa kadi nyingine. "Hii inaitwa Malkia wa Kasoro."

Watu wakacheka kabla hajaendelea. Jina lenyewe lilikuwa limekaa.

"Gharama yake vito vitatu. Nguvu ya kushambulia, sifuri. Ulinzi, kumi. Sikieni uwezo wake sasa: kila zamu yako inapoanza, kila askari wako anapoteza uhai mmoja. Malkia wa Kasoro hawezi kuondolewa mezani kwa njia yoyote."

"Kwa hiyo anawamaliza watu wake mwenyewe?" akauliza mmoja aliyeegemea mlango.

"Watu wake mwenyewe."

"Huyo namfahamu. Nimemwoa."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Fundi naye akacheka, akampa kadi mtu wa kwanza ili izunguke.

Chumba hicho kilikuwa nyuma ya duka lake la kutengeneza kompyuta. Meza mbili zimeunganishwa, nyaya zinaning'inia ukutani, na feni ina kelele nyingi kuliko upepo. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, mchana, wapenzi wa Enzi na Mazimwi walijazana humo. Mchezo wenyewe ni wa kadi: kila mtu ana fungu lake la askari, wachawi na mazimwi, wanapambana mezani kwa zamu. Lakini hawa hawakutosheka na kadi za dukani. Walibuni za kwao, wakachora picha, wakaandika uwezo, wakachapa kwenye karatasi ngumu, kisha wakazitia ndani ya kopo bila jina. Fundi alizitoa moja moja, watu wakazichambua bila kuoneana haya, na mwenye kadi alijitaja mwishoni, tena akipenda.

Katika uchambuzi huo, mtu aliyeogopwa alikuwa Mhariri. Siku za kazi alisahihisha vitabu vya shule kwenye kampuni moja ya uchapishaji, na jicho lake halikujua mapumziko. Yeye alisema wa mwisho, na akishasema, imetoka. Pembeni yake, kiti kwa kiti, alikaa Mchoraji, mchumba wake, kijana wa karakana ya mabango na kadi za mialiko. Harusi yao ilikuwa mwezi unaofuata, ingawa kundini walikuwa hawajaitangaza.

Kadi ilipomfikia, Mhariri alikuwa bado anatabasamu.

Akaitazama. Mwanamke amekaa juu ya kiti cha enzi kilichotengenezwa kwa karatasi zilizofinyangwa. Miwani ameipandisha kwenye paji la uso. Kalamu nyekundu ameichomeka nyuma ya sikio. Chini yake, askari wake wamelala chali, wamechorwa wembamba kama vijiti. Na chini ya mdomo wa yule mwanamke, upande wa kushoto, kuna kovu dogo.

Kovu lile alilipata utotoni alipoanguka kwenye ngazi. Huwezi kuliona mpaka umkaribie sana. Ndani ya chumba kile hakuna aliyewahi kumkaribia kiasi hicho, isipokuwa mmoja.

Akageuka kumtazama Mchoraji. Mchoraji alikuwa ameinamia meza kana kwamba kuna kitu kimeandikwa pale. Jasho lilimtoka nyuma ya masikio.

Kicheko kikaanza kukatika. Mmoja akaiona miwani, akamtazama Mhariri na miwani yake, akanyamaza. Akafuata mwingine. Fundi akanyoosha shingo kuichungulia picha, uso ukamshuka.

"Tuiruke hii," akasema. "Muda umekwenda."

"Kwa nini tuiruke?" Mhariri akauliza.

"Naona tu kama haijakamilika."

"Zote zinazoingia kwenye kopo zinachambuliwa, Fundi. Umeiweka sheria mwenyewe. Nani anaanza?"

Hakuna aliyeanza. Upande wa pili wa meza alikaa Msusi, dada wa saluni ya jirani, mgeni wa miezi michache tu kundini. Wengine wote walikuwa wameangalia chini. Yeye alimkazia macho Mhariri bila kupepesa.

"Basi nianze mimi," Mhariri akasema. Akavuta kiti mbele, akailaza kadi mezani. "Picha ni nzuri. Aliyechora ana mkono. Vivuli vimekaa, na uso ni wa mtu, si wa kuokoteza. Jina pia zuri. Shida iko kwenye uwezo."

"Mhariri," Mchoraji akasema kwa sauti ya chini.

"Subiri, sijamaliza. Kadi hii inamuumiza anayeicheza, haimgusi adui. Sasa mimi najiuliza, ni mchezaji gani atamtia huyu malkia kwenye fungu lake kwa hiari, akatoa vito vitatu, akamweka mezani? Lazima kuna kitu alikitaka kwake. Hicho kitu mtengenezaji hakukiandika. Kapunguza, kapunguza, hajaongeza. Malkia anayepunguza tu si malkia, ni homa. Kama kila zamu anawakata askari, basi wale wanaobaki wamebaki na kitu. Wawe na nguvu zaidi. Wasidanganyike kirahisi. Kiandikwe."

Feni ikaendelea kupiga kelele zake.

"Kosa la pili ndilo kubwa. Anasema hawezi kuondolewa mezani kwa njia yoyote. Hiyo ni sheria mbaya. Mtu anayeumia apewe mlango. Andika kwamba mwenye kadi anaweza kumwachia aende zake. Ukimchora mtu kama mzigo, halafu ukaandika kwamba hawezi kuondoka, wewe unayelalamika ndiye uliyemfunga."

Akaipeleka kadi mbele ya Mchoraji taratibu.

"Nimemaliza. Mwenyewe atajitaja akipenda."

Mchoraji hakujitaja. Mhariri akachukua mkoba wake, akawaaga watu mmoja mmoja, akatoka.

* * *

Mchoraji alimkuta kwenye ngazi za nje.

"Ni utani, mpenzi."

"Utani wa nani?"

"Wa kijinga tu. Nilikuwa na hasira siku hiyo. Nilichora nikatupa pembeni. Haikuwa ya kuonwa na mtu."

"Sasa imeonwa na watu wote. Imefikaje kwenye kopo?"

"Sijui. Naapa si mimi niliyeiweka."

"Hilo nimeliona. Umeshtuka kuliko mimi. Nakuuliza kitu kingine: ulimpa nani?"

Mchoraji akajikuna shingo, akatazama barabarani. Pikipiki ikapita, yule akaisindikiza kwa macho mpaka ikapotea.

"Nakuuliza wewe."

"Unataka kujua nilimpa nani, hutaki kujua kwa nini nilichora?"

"Haya, kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka." Sauti ikampanda, akaishusha. "Unajua ninavyojisikia nikimaliza picha? Nimekesha nayo, macho yamevimba, nakuletea wewe wa kwanza. Wewe hata hujakaa unaniambia huyu joka mkono wake mfupi. Gharama haifai. Neno hili limerudiwa. Miaka yote hii, hujawahi kuanza na zuri."

"Zuri unalijua. Umelichora mwenyewe."

"Silijui. Nilitaka uniambie."

 Neno lile lilimwingia Mhariri, kwa sababu lilikuwa na ukweli wake. Kwenye chumba kile kile, siku walipofahamiana, watu walikuwa wamemvika Mchoraji kilemba cha ukoka, kila mmoja anasema kadi yake ya mchawi haijapata kutokea. Mhariri akasema mchawi yule hachezeki, anamaliza mchezo kwenye zamu ya pili. Mchoraji akamfuata mpaka kwenye ngazi hizi hizi, akamwambia, "Wewe ndiye uliyeisoma. Wengine wameitazama tu. Nakuomba usinionee huruma hata siku moja." Naye akayachukua maneno hayo kama yalivyo. Alidhani kutomwonea huruma ndiko kumpenda.

"Ungeniambia umebadilisha mawazo," akasema hatimaye. "Ningejifunza."

"Nakwambia sasa."

"Sasa umeniambia mbele ya watu, kwa kadi. Ulimpa nani?"

Mchoraji akageukia tena barabarani. Mhariri akashuka ngazi.

Njiani simu yake ikalia mara kadhaa, hakupokea. Ikaingia meseji: "Tusivunje nyumba kwa kipande cha karatasi. Nipigie ukipoa."

Akaisoma akiwa amesimama kwenye foleni ya duka la dawa, hata hakumbuki alitaka kununua nini.

* * *

Jumatatu mchana, saa ya chakula kazini, Mhariri alikwenda saluni. Msusi alikuwa anamsuka mteja. Alipomwona mlangoni akamwambia msaidizi wake amalizie, akafuta mikono, akamwongoza hadi nyuma penye masinki ya kuoshea nywele.

"Nilijua utakuja, dada. Kaa."

"Nimekuja kwa swali moja."

"Niliiweka mimi."

Mhariri akakaa bila kutaka, kwenye kile kiti cha kulaza shingo.

"Kwa nini?"

"Ili uione."

"Saluni yako iko hatua chache kutoka kwa Fundi. Ungeniita pembeni, ukanionyesha."

"Ungeniamini? Mimi? Ungesema huyu msusi anamtaka mchumba wangu." Msusi akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na raha. "Na usingekosea. Nilimtaka. Nilikuwa naye."

"Tangu lini?"

"Karibu tangu niingie kundini. Lakini naomba unisikilize kwanza, halafu unitukane ukitaka. Aliniambia nyinyi mmeshaachana. Kwamba mnakaa pamoja mle chumbani kwa Fundi kwa sababu ya mashindano tu, wewe unasahihisha, yeye anachora, mapenzi yalikwisha zamani. Nikaamini. Mlivyokuwa mnaongea, dada, nisamehe, hata mtu mwingine angeamini. Ulikuwa unamwambia 'rekebisha hapa, rekebisha pale' kama mwalimu."

Mhariri akaukaza mkoba mapajani.

"Wiki iliyopita nikaenda karakana kwake kuchukua kibao changu cha saluni. Hakuwepo. Kwenye meza yake nikakuta rundo la kadi za harusi, zimepangwa, zinanukia wino. Nikasoma jina la bwana harusi. Nikasoma la bibi harusi. Nikampigia palepale. Unajua alinijibu nini? Eti ni sampuli, ya kuwaonyesha wateja."

Akatoa simu mfukoni mwa aproni, akatafuta, akamkabidhi.

"Soma. Sifichi."

Mhariri akasoma, kama anavyosoma siku zote, kuanzia juu, bila kuruka mstari.

"Wewe unanifanya nijione msanii," Mchoraji alikuwa ameandika. "Yule ananifanya nijione mwanafunzi aliyefeli."

"Pole jamani. Kadi zako nzuri sana," Msusi amejibu, na alama ya kopa mbele yake.

"Leo nimemchora. Subiri nikutumie. Usimwonyeshe mtu."

Kisha ile picha ya kadi nzima, pamoja na jina na uwezo wake.

"Hahaha, umempatia. Ndiye yeye kabisa."

"Hata kovu nimeweka."

Hapo Mhariri akakatiza kusoma. Miezi ile yote ya uchumba, mtu aliyekuwa akipitisha kidole juu ya kovu lile na kumuuliza kama liliuma sana, ndiye aliyekuwa anajisifu kwamba ameliweka. Akatazama tarehe. Ilikuwa Jumapili waliyokwenda pamoja kupima pete. Walikula, wakacheka, akamsindikiza nyumbani. Halafu akaenda kuchora.

"Na mimi nilicheka," Msusi akasema. "Hilo ni langu, silikwepi. Nilicheka kwa sababu nilidhani wewe umeshakuwa mtu wa zamani."

"Kadi zake," Mhariri akauliza, "ulikuwa unazipenda kweli?"

Msusi akamtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la ajabu.

"Dada, mimi sizielewi. Hata mchezo wenyewe siujui vizuri, vito, uhai, zamu, vinanichanganya. Alikuwa akinitumia naandika 'nzuri', naweka kopa, naendelea kusuka."

Mhariri akajikuta anacheka. Kicheko kilimtoka kikavu. Msusi naye akacheka, kisha wote wawili wakaacha kwa pamoja.

"Umeshamwacha?" Mhariri akauliza.

"Siku ile ile ya kadi za harusi. Ila sikutaka nimwache halafu yeye aende kuoa kwa amani. Ndiyo maana nikaichapa, nikaitia kwenye kopo. Sikujali kama wewe utaumia. Nakwambia ukweli wangu wote."

"Umesema." Mhariri akasimama, akamrudishia simu. "Asante kwa huo ukweli. Lakini tusijifanye marafiki."

"Sawa, dada."

* * *

Jioni ile ile alimpigia Mchoraji. Alizungumza kwa utulivu, amesimama jikoni, mkono mmoja umeshika bomba la maji.

"Nimetoka kwa Msusi. Nimesoma."

Upande wa pili pumzi zikasikika.

"Sitaki unieleze. Nakutaarifu tu kwamba hakuna harusi. Wewe uwaambie watu wako, mimi niwaambie wa kwangu."

"Mpenzi, yule alikuwa mtu wa kunipa moyo tu. Hakuna cha maana kilichokuwepo. Siku moja uliwahi kuniambia—"

"Usinitafutie maneno yangu. Nimechoka kusahihisha."

Akakata.

Asubuhi yake mama yake Mchoraji akapiga simu. Mhariri alimpenda mama yule, na ndiyo maana alichelewa kupokea.

"Mkwe wangu, haya ninayoyasikia ni kweli?"

"Ni kweli, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Mwanangu, kadi zimeshagawiwa."

"Kadi zipi, mama?"

"Za harusi. Kwani kuna nyingine?"

Mhariri akafumba macho.

"Huyu kijana amenieleza," mama akaendelea. "Anasema alichora kikatuni, wewe ukakasirika. Kikatuni tu, mwanangu? Karatasi ya kuchezea? Mimi baba yake aliwahi kunitukana mbele ya shemeji zangu na bado nikapika."

"Amekueleza kuhusu kikatuni peke yake?"

"Kuna lingine?"

Hapo Mhariri angeweza kumwaga yote. Yalikuwa yamemjaa mdomoni, majina, tarehe, kopa, kovu. Akaiwaza sura ya yule mama, aliyeshashona nguo na kuwapigia simu ndugu wa mbali, ambaye mwanawe ni huyo huyo mmoja.

"Muulize yeye, mama. Mwambie nimesema akusimulie mpaka mwisho. Akimaliza, ukiona bado nimekosea, nipigie, nitapokea."

Mama hakupiga tena. Baada ya siku kadhaa ilikuja meseji yake, ameiandika kwa herufi kubwa kama wafanyavyo watu wa umri wake: "MWANANGU AMENISIMULIA. NISAMEHE MIMI NILIYEMZAA." Mhariri aliisoma akiwa ofisini, mbele yake kuna kitabu cha sayansi cha darasa la tano. Akainuka akaenda msalani, akafungua maji yatiririke kwa nguvu, akalia humo mpaka mtu akagonga mlango.

* * *

Hakurudi kwenye chumba cha Fundi. Fundi alimwandikia mara mbili tatu: "Kopo linakungoja. Watu wanasifiana tu siku hizi, inachosha." Alijibu kwamba yuko bize.

Habari nyingine alizipata kwenye kundi lao la simu, kabla hajajitoa. Kampuni inayochapa Enzi na Mazimwi ilikuwa imetangaza mashindano ya kadi zilizobuniwa na wachezaji, na zitakazoshinda zingeingia kwenye toleo jipya. Kadi ya Mchoraji ilichaguliwa. Watu walimwaga pongezi. Hakuna aliyetaja ni kadi gani, naye hakuuliza. Akabonyeza pa kutokea, kundi likafutika.

Jumapili moja mchana, mlango ukagongwa. Alifungua akiwa na sabuni mikononi, alikuwa anafua.

Mchoraji alikuwa amekonda. Shati lake lilikuwa limenyooshwa vizuri, kwa hiyo alikuwa amejiandaa.

"Habari za siku nyingi."

"Nzuri."

"Naweza kuingia?"

"Hapo mlangoni panatosha."

Akaitikia kwa kichwa. Kwapani alibeba bahasha ngumu.

"Nina mambo mawili," akasema. "Nimeyafikiria sana kabla ya kuja. Usiku silali."

"Haya."

Mhariri alimngoja. Baadaye alijikasirikia mno kwa kule kungoja, kwa sababu moyo ulikuwa unamwenda mbio, na sabuni ilikuwa inamkaukia vidoleni, na kama yule mtu angeanza na jambo lile jingine, la kuomba radhi, hata kwa maneno mabovu, hata kwa kigugumizi, yeye mwenyewe hajui angefanya nini.

Mchoraji akafungua bahasha. Akatoa karatasi ya majaribio, ile ya mwisho ambayo mtunzi hupewa aipitie kabla mitambo haijawashwa.

"Ni hii. Wanataka niirudishe kesho."

Ilikuwa Malkia wa Kasoro. Miwani ilikuwa imeondolewa, kovu limeondolewa, uso umegeuzwa kuwa wa mtu mwingine. Kalamu imekuwa upanga. Lakini chini, kwenye maandishi, kila alichokisema yeye siku ile mezani kilikuwapo. Kila zamu yako inapoanza, kila askari wako anapoteza uhai mmoja. Askari atakayebaki hai anapata nguvu mbili za kudumu. Mwenye kadi anaweza kumwachia Malkia wakati wowote.

"Umechukua nilichosema," Mhariri akasema.

"Ulikuwa sahihi. Siku ile sikusikia kitu, masikio yalikuwa yamewaka. Nilipotulia nikaona ulikuwa sahihi kila neno. Waamuzi wa kampuni wamesema uwezo wake haujawahi kuonekana. Nimekuja kwa sababu kuna kitu kinanisumbua hapo chini, nakihisi, sikioni. Hakuna mwingine wa kumwonyesha. Wote wananiambia nzuri."

Mhariri akafuta mikono kwenye kanga. Alikuwa ameshaliona kosa. Aliliona kabla hajataka kuliona.

"Una penseli?"

Mchoraji akampa haraka.

"Hapa, 'wakati wowote'," akasema, akaiegemeza karatasi kwenye kizingiti. "Umewaacha askari wapate nguvu zao, halafu mtu anaweza kumwachia malkia papo hapo, kabla zamu nyingine haijaanza. Anachukua faida, anakwepa maumivu. Kila mchezaji mjanja atafanya hivyo. Atamtumia mara moja na kumtoa."

"Ndiyo," Mchoraji akanong'ona. "Ndiyo, hapo hapo."

"Andika hivi: 'Mwanzoni mwa zamu yako, baada ya askari kupoteza uhai, unaweza kumwachia Malkia. Ukimwachia, nguvu walizopata kwake zinaondoka naye.'"

"Zinaondoka naye?"

"Zote."

Akaandika kwa herufi zake ndogo zilizonyooka, akakata mstari wa zamani, akamrudishia karatasi na penseli yake. Mchoraji akasoma. Akasoma tena huku midomo ikicheza. Uso wake ukafunguka taratibu, ukawa ule uso ambao Mhariri aliupenda siku ya kwanza.

"Sasa imekamilika," akasema. "Sasa imekaa kabisa. Asante. Asante sana, kwa kweli."

"Karibu."

Akairudisha karatasi kwenye bahasha kwa uangalifu wa mtu anayelaza mtoto. Akageuka, akaanza kushuka ngazi.

Mhariri akabaki mlangoni. Akamsikia akishuka, kisha hatua zikasimama kwenye mpindo wa ngazi. Akashikilia fremu ya mlango. Akasikia bahasha ikifunguliwa, karatasi ikitolewa. Mchoraji alikuwa anaisoma tena. Kisha hatua zikaendelea, zikafika chini, lango likafungwa.

Akarudi kwenye beseni lake. Maji yalikuwa yamepoa. Alikuwa anasuuza shuka la mwisho simu ilipotoa mlio wa meseji, akaliacha shuka, akakimbia kuifuata chumbani, maji yakidondoka sakafuni nyuma yake.

"Nimesahau jambo moja," Mchoraji alikuwa ameandika. "Kwenye kijitabu cha toleo jipya kuna ukurasa wa shukrani. Niliandike jina lako au niliache?"

Mhariri akaketi ukingoni mwa kitanda. Akaisoma kuanzia juu, bila kuruka neno. Haikuwa na kosa hata moja.

"Liache," akajibu.

Kisha akaenda kuanika nguo.